Boliti Nne Zisizo na Rangi

Mafundi wenzake walimwita Mama Springi. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa ameshughulika na sehemu ya gari ambayo mwenye gari haioni: springi, shokabso, mikono ya chini inayoshika magurudumu, na bushi za mpira zinazokaa kati ya chuma na chuma. Injini hakuigusa. Breki alimwachia kaka yake, ambaye alikuwa naye gereji moja, mtu wa maneno mengi na mikono myepesi.

Alikuwa na utaratibu wake. Kila boliti aliyoikaza kwa kipimo aliipaka tone la rangi nyekundu ya kucha, ili ajue imekwisha. Kaka yake hakuchoka kumtania.

"Gari hili linakwenda kazini au harusini?"

"Likirudi salama, liite bibi harusi," alijibu, akaendelea kupaka.

Asubuhi hiyo lililokuwa juu ya stendi ni gari la mkwe wake. Wiki mbili nyuma kijana huyo alikuja na ombi lake mwenyewe.

"Mama, nikatie springi za mbele, gari lishuke kidogo. Wenzangu wote wamekata. Kwenye kona magari yao hayayumbi kabisa."

"Hao wenzako wana mke wa miezi minane kwenye kiti cha pembeni?"

Mkwe akacheka kidogo, akaangalia viatu vyake. Mke huyo alikuwa binti pekee wa Mama Springi, na kila wiki mbili ilibidi ashushwe mlimani kwenda kupimwa hospitali ya mji wa chini. Njia ilikuwa na kona kumi na saba. Gari lililala upande kila kona, na binti alifika ameshika mlango kwa mikono miwili, kijasho kinamtoka.

"Sikiliza, baba," alimwambia. "Springi inabeba uzito. Shokabso inaituliza isirukeruke. Ukiikata springi, shokabso inabaki haijui ifanye nini, na gari linakuwa gumu kama benchi. Kulishusha hakukusaidii. Shida yako ni kulala kwenye kona. Nitaweka springi ngumu kidogo, shokabso zinazolingana nazo, bushi mpya, na stabilaiza nene. Hicho ni chuma kinachounganisha kushoto na kulia. Upande mmoja ukitaka kulala, mwenzake anaukatalia."

Kazi ilichukua siku mbili. Zilikuwa zimebaki boliti nne za mikono ya chini. Hizo alizishikiza tu, hakuzikaza. Bushi ya mpira ukiikaza gari likiwa linaning'inia, ukilishusha mpira unajisokota, na baada ya miezi michache unachanika. Sharti gari likanyage chini kwa uzito wake wote ndipo ukaze.

"Kaka, lishushe chini," alisema. Akachukua kichupa cha rangi, akakuta kimekauka. Akavuka barabara kununua kingine dukani.

Palikuwa na watu watatu mbele yake. Aliporudi, stendi zilikuwa tupu.

"Gari liko wapi?"

"Si uliniambia nilishushe? Nimelishusha. Mkwe wako kapita, kalichukua. Anasema miadi ya hospitali ni saa nne."

"Yuko na nani?"

"Na mwanao. Kwani vipi?"

Alikitazama kichupa mkononi, hata kifuniko hakijafunguliwa. Boliti nne, kila moja imeshikwa na mizunguko mitatu ya nati iliyokazwa kwa vidole.

"Zile za chini sijakaza," alisema.

Kaka yake alichomoa simu, akampa.

Simu ya mkwe iliita mpaka ikakatika. Hapokei simu akiendesha, na aliyemkanya asipokee ni Mama Springi mwenyewe, mbele ya watu. Simu ya binti haikupatikana. Alitupa sanduku la spana kwenye pikapu ya gereji, akaondoka, mlango bado haujafunga vizuri.

Pikapu ile ilikuwa na shokabso zilizokufa siku nyingi. Kwenye kona ya kwanza ililala hadi sanduku likateleza upande wa pili. Alipunguza mwendo, akajilaani, akaongeza. Alijua mkwe hapunguzi. Ndiyo maana moyo ulimwenda mbio: gari lile sasa lilishika barabara, halikuyumba, na dereva anayehisi gari limetulia anaingia kona kwa mwendo ambao jana asingethubutu. Kazi yake nzuri ndiyo iliyokuwa inamsukuma kijana mbele.

Alijua pia mambo yangekwendaje. Nati ingerudi nyuma polepole, kila shimo kidogo. Kwanza mlio, ko, ko. Halafu usukani kuvuta upande. Halafu boliti kutoka, na gurudumu kugeuka lenyewe, pengine kona ya tisa, ambapo kingo za barabara zilikuwa zimevunjika na chini yake hakuna kitu.

Kona ya nne, hakuna gari. Ya tano, ya sita. Alitafuta alama za matairi asizotaka kuziona. Ya saba alikaribia kugongana na lori, dereva wake akamtukana kwa honi ndefu.

Baada ya kona ya nane aliliona, limeegeshwa ukingoni, taa zinawaka na kuzima. Binti yake alikuwa ameketi juu ya jiwe, mikono imepakata tumbo. Mkwe alisimama mbele yake akibembeleza.

"Mke wangu, ni mlio tu! Vitu vipya lazima vilie kidogo, tunachelewa!"

"Vipya vikifungwa na mama havilii," binti alijibu. "Ingia uende. Mimi sipandi."

Mama Springi alishuka. Alilala chali kwenye vumbi, akaingia chini. Boliti ya nyuma, mkono wa kushoto, ilikuwa imetoka upana wa kidole. Nati ilikuwa imebakiza mzunguko mmoja.

"Mama," mkwe aliinama, "ni mimi, niliharakisha. Niliona magurudumu yamefungwa, nikajua—"

"Nyamaza, baba. Si wewe." Sauti yake ilitoka chini ya gari. "Nimeacha kazi katikati nikaenda kununua rangi. Nipe spana ya kumi na tisa, na ile ya kipimo."

Gari lilikuwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Alikaza moja baada ya nyingine, akingoja kila mara spana ya kipimo ilie tik. Kisha akarudia zote tangu mwanzo. Alipotoka alichukua ufunguo, akashuka peke yake hadi kona ya tisa. Aliingia kona, akageuza, akapanda, akashuka tena. Gari lilikaa wima, bila mlio. Aliporudi alilala chini tena, akagusa kila nati.

"Zimekaa," alisema, akimpa mkwe ufunguo. "Mnaweza kwenda."

Binti aliinuka, akaenda kukaa kiti cha mbele, akafunga mkanda chini ya tumbo. Hakumwangalia mumewe.

"Mama aendeshe," alisema. "Wewe njoo na pikapu."

Mkwe alirudisha ufunguo, akaitazama pikapu. "Ile? Kwenye kona hizi?"

"Polepole," alijibu binti.

Mama Springi aliwasha gari. Alitamani binti yake aseme neno, hata la lawama, lakini binti alizima redio na kushusha kioo. Wakaingia kona ya tisa kwa gia ya pili, wote wawili wakisikiliza gurudumu la kushoto.