Barua ya Moyo wa Riziki

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, hata nikiwa naosha vyombo, ni ile niliyosimama kwenye uwanja wa shule hapa Durban, nikiwa na maneno ya Kiswahili mdomoni na mwalimu wa Kizulu mbele yangu. Katikati yetu alisimama binti yangu Riziki, wa miaka tisa, ndiye mkalimani. Maneno yenyewe yalikuwa machache. Lakini ili yamfikie mwalimu ilibidi yapite kwanza kwa mtoto, na mtoto ndiye niliyemkosea. Kaa nikusimulie, wala usinikatize, maana nikikatizwa nasahau nilipofika.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Nilikuwa kijana bado, na kiuno nilikuwa nacho, usicheke. Nilikuwa nasuka nywele katika saluni moja mjini, na mimi na Riziki tuliishi mtaa wa Point, ghorofa ya nne, katika chumba tulichogawana kwa pazia na Mama Shukuru, bibi wa kwetu Bukavu tuliyetoka naye huko wakati wa vita. Njia tuliyopita sitakuchosha nayo. Jua tu kwamba porini tulikula majani wiki nyingi, majani yasiyo na chumvi, na Riziki alikonda hadi nikawa naogopa kumshika kwa nguvu. Huko ndiko nilikoapa: Mungu akitufikisha mahali pa amani, mtoto huyu hatakula majani tena, na hatakimbia tena.

Kiapo hicho nilikitimiza kupita kiasi. Kila asubuhi nilimfungia Riziki mkate mweupe uliojazwa chipsi, soda ya machungwa na biskuti za chokoleti. Mkebe wake wa chakula, ambao watu wa hapa wanauita skaftini, ulikuwa haufungiki, naufunga kwa mpira wa nywele. Nilitaka wenzake wakichungulia wasione njaa yetu. Mama Shukuru alikuwa akinunua lenga-lenga, yaani mchicha, kwa akina mama wa Kizulu kule karibu na stesheni, anaipika kwa karanga, chumba kizima kinanukia. Riziki akisogeza sahani yake, mimi naivuta. Namwambia hicho ni chakula cha porini.

Basi mtoto akanenepa. Wateja saluni wakimwona wanapiga makofi: "Mama Riziki, mutoto amenona! Mungu iko!" Kwetu, mwanangu, kumwambia mtu amenona ni kumpa sifa, ni kumwambia amepona. Nami kichwa kilikuwa kinavimba kwa sifa hizo, nasuka huku naimba.

Siku moja Riziki akaleta karatasi kutoka shule, akanisomea. Shule ilikuwa inawaomba wazazi wawafungie watoto matunda na maji badala ya soda, na kila mtoto awe na viatu vya raba, kwa sababu sasa watafanya mazoezi na mbio mara mbili kwa wiki. Ee, nilichukia! Matunda? Walidhani sina cha kumpa mwanangu? Na hizo mbio ndizo zilizonimaliza kabisa.

Nikamwambia, "Sisi ni wakimbizi, mama. Tumekimbia ya kutosha."

"Lakini mimi napenda kukimbia," akasema.

Nikajifanya sikusikia. Kusema kweli, aliyekuwa anaumia ni mimi. Nikiona watoto wengi wanakimbia pamoja, wanapiga kelele, kifua kilikuwa kinanibana, naanza kutafuta kilicho nyuma yao.

Kulikuwa na kijana mmoja wa Kenya, jina lake Wafula, mwanafunzi wa chuo kikuu, mpole sana, aliyekuwa akija saluni kumsubiri mchumba wake asukwe. Mimi Kiingereza sikujua kuandika. Nikamwomba aniandikie barua ya shule. Nikamwambia, "Andika hivi: mutoto yangu akikimbia, moyo inamuuma. Basi asikimbie."

Unaona hapo, mwanangu? Mtu akikwambia moyo unamuuma, anakwambia ana huzuni. Wafula naye alijua hivyo. Lakini aliposikia mtoto, mbio na moyo pamoja, akili yake ikaenda hospitali. Akaniangalia kwa huruma.

"Pole sana, dada. Alianza kuumwa lini?"

"Tangu vita."

"Woi, pole," akasema, akainama akaandika.

Nikatia sahihi nisichoweza kusoma, nikampa Riziki apeleke. Riziki, mtoto mwenye macho mepesi, alijua Kiingereza kuliko sisi wote pale nyumbani.

Wiki hiyohiyo mwalimu wake, Mwalimu Thandeka, alinikuta getini. Akanishika mkono. Kisha akaweka kiganja kifuani kwake, upande wa kushoto, akamwonyesha Riziki, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyefika msibani. Hapo nikaelewa barua ilisema nini. Nikaelewa vizuri kabisa, usidhani sikuelewa. Ningeweza kutikisa kichwa kukataa, hata bubu angeweza. Lakini nikajiambia, si vibaya, mtoto atakaa kivulini na mkate wake, hakuna atakayemkimbiza. Nikaitikia kwa kichwa.

Na Riziki alikuwa amesimama pale pale, ananitazama.

Miezi ikapita. Wenzake wakienda uwanjani, yeye alikaa kwenye benchi karibu na uzio, skaftini magotini. Lifti ya jengo letu ilikuwa mbovu tangu tulipohamia, na Riziki akaanza kupumzika ghorofa ya pili, halafu kila ghorofa, ameshika kifua. Jino moja likaoza. Akawa mkimya. Nilisema ni joto la Durban, nikamwongezea biskuti.

Jumapili moja nilirudi kutoka kanisani nikamkuta Mama Shukuru amekaa kitandani kwake na kopo la biskuti mapajani. Riziki alikuwa amebaki chini kwa majirani. Bibi akalifungua kopo. Ndani mlikuwa na tepe za nywele za Riziki, shanga zake, na penseli za rangi alizopewa zawadi shuleni.

"Amenipatia mimi," akasema. "Anasema nitunze. Yeye akikufa nikupatie weye, ili usilie sana."

Nikakaa sakafuni.

"Anasema moyo yake ni mugonjwa. Alisoma mu barua, na weye ulitia sahihi. Tena mwalimu alikuuliza, ukaitika."

"Ni Wafula," nikasema. "Wafula ndiye aliyekosea kuandika."

"Wafula aliandika. Nani aliitika?"

Mama Shukuru hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. Alilifunika kopo taratibu, akaniambia neno ambalo hadi leo nikifungua kabati la vyombo nalisikia: "Anayeogopa ni weye, si mutoto. Woga yako kula mwenyewe. Usimulishe mutoto."

Usiku huo nilimsikiliza Riziki anavyopumua, nikaona haya mbele ya mtoto aliyelala. Nilikuwa nimemtoa vitani mzima, nikampeleka shule akajifunze kufa. Ningeweza kumwamsha nimwambie palepale, lakini nilitaka mwalimu naye asikie, nisije nikapata nafasi ya kurudi nyuma.

Asubuhi nikampigia tajiri wa saluni kwamba nitachelewa, nikashika mkono wa Riziki tukaenda shule kwa miguu. Mwalimu Thandeka alikuwa uwanjani anapanga kamba za michezo. Tukasimama pale nilipokwambia mwanzo. Riziki akaninong'oneza, "Nimwambie nini, Mama?" kama alivyokuwa akiniuliza kliniki, ofisini, kila mahali.

Nikapiga moyo konde. "Mwambie kwamba moyo wako ni mzima. Haujawahi kuumwa. Barua ilikosea, na mimi nilijua imekosea nikanyamaza."

Hakutafsiri. Mwalimu alitutazama wote wawili, akasubiri.

"Kwa hiyo sitakufa?" Riziki akaniuliza.

"Utakufa ukiwa bibi kizee mwenye maneno mengi kuliko Mama Shukuru."

Nilidhani atacheka au atanikumbatia. Wapi! Alikasirika. Akasema, "Mimi nilikuwa nasali kila siku, Mama. Kila siku. Na wewe ulijua."

Nikamwomba msamaha pale, mbele ya mwalimu wake. Mtoto aligeuka akamwambia mwalimu maneno marefu sana kwa Kiingereza, marefu kuliko yangu mara nne. Hadi leo sijui alisema nini. Mwalimu Thandeka alitoa sauti moja tu, "Eish." Nilitegemea anitukane. Akasema, na Riziki akanitafsiria kwa sauti kavu, kwamba kabla mtoto hajakimbia nimpeleke kliniki apimwe, na kwamba yeye naye atamwomba Riziki msamaha kwa kumweka kwenye benchi bila kutaka karatasi ya daktari. Yeye, mwanangu, ambaye hakuwa na kosa!

Daktari alimsikiliza kifua, mbele na nyuma. Moyo, mzima. Kilichokuwa kinamchosha ni kukaa tu kutwa nzima, na hiyo mikate na soda. Aliniuliza anakula nini asubuhi, mchana, jioni. Riziki alitaja vyote bila kuficha hata biskuti moja, na alifurahi kidogo kunishtaki, niliona.

Jioni hiyo alikwenda kudai kopo lake. Mama Shukuru akamrudishia, ila alibaki na utepe mmoja mwekundu, akisema ni haki ya mlinzi, akaufunga kwenye mvi zake. Hapo ndipo Riziki alipocheka, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Usidhani mambo yalinyooka siku hiyo. Lenga-lenga ya kwanza aliitema. "Haya ni majani!" akasema, na kosa ni langu, maana mimi ndiye niliyemfundisha kudharau sahani ile. Ikabidi niile mimi mbele yake, kijiko baada ya kijiko, huku nalikumbuka pori hadi jasho linanitoka. Siku ya tatu nikahisi ladha ya karanga. Siku ya tano akachovya ugali. Skaftini nikaanza kuitia kiazi kitamu, yai, ndizi, chungwa, na chupa ya maji, na siku nyingine mkate na chipsi pia, maana mtoto ni mtoto. Asubuhi tukaacha teksi, zile daladala za hapa. Tulikwenda kwa miguu, tukisimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, pamoja na watu wanaowahi kazini, na siku nyingine yeye alinitangulia akanisubiri kona, anacheka jinsi ninavyohema. Sasa mwenye kuhema alikuwa mimi, si yeye.

Kabla ya muhula kwisha shule zilikutana Pinetown kwa mbio za watoto. Mimi na Mama Shukuru tulibeba sufuria ya lenga-lenga na beseni la machungwa kwa ajili ya darasa zima. Watoto wa Kizulu walipofunua sufuria walipiga kelele, "Imbuya!" Kumbe majani niliyokuwa nayaonea aibu bibi zao wanawapikia nyumbani. Hayakubaki hata ya kuonja.

Wasichana wanane wakapanga mstari. Filimbi ikalia, na mimi, mwanangu, nikafumba macho. Sikuweza. Nilisikia tu miguu na makelele, kifua kikanibana kama zamani, na mkono wa Mama Shukuru ukanishika kwa nguvu hadi kukawa kimya. Nilipofumbua, Riziki alikuwa anakuja kwangu, jasho limemlowesha, meno yote nje. Alikuwa wa saba.

"Mama! Leo sikumkimbia mtu," akasema. "Nimekimbia tu."

Nililia pale kando ya beseni la machungwa, na wala sikujificha.

Leo Riziki ana watoto wake, na ndiye anayenihesabia vijiko vya sukari kwenye chai. Namwacha, anayo haki.

Basi mwanangu, wewe mwenye mtoto shuleni, nisikilize. Usimpakulie mwanao yaliyokupata wewe. Kama ulilala njaa, usimshindilie mafuta na soda ili kuikomoa njaa yako. Mpe chakula cha kumjenga, na chakula cha bibi yako usikionee haya, kipike kwa karanga. Shule ikikuandikia barua, isomewe nyumbani kwa sauti, na jibu lako liwe la kweli, hata kama Kiingereza chako ni cha kuokoteza. Akikwambia anataka kucheza, mpe raba aende. Nenda naye shule kwa miguu ukiweza, maana huko njiani ndiko atakakokwambia yale asiyoyasema mezani. Na ukimkosea mtoto, mwombe msamaha yeye mwenyewe kwanza, kabla ya mwalimu, kabla ya kasisi.

Mungu akubarikie sufuria yako na mikono inayopika. Awape watoto wako meno mazuri na pumzi ndefu. Na awape miguu ya kukimbia, mwanangu, wakimbie mpaka wachoke, na pasiwepo wa kumkimbia.