Picha ya Mbavu Zangu

Ngojeni kwanza nivute pumzi. Mmesikia? Imefika chini kabisa, wala haijauma! Mimi Eda wa Ngumbo mpaka leo nikivuta hivi nashangaa mwenyewe.

Zamani nilikuwa naanika usipa wa Ziwa Nyasa. Nageuza visamaki juani huku naota mgahawa wangu ufukweni, wenye viti vya bluu. Niliishia darasa la saba, lakini kuota hakuna ada! Mume wangu Gido alicheka na kila mtu. Nyumbani alinipiga. Mama mkwe akasema, "Vumilia mwanangu, ya ndani yabaki ndani." Basi watu wakiniuliza, najibu niliteleza kwenye mawe ya ziwani.

Mwaka ule wa corona, siku moja nakoroga uji, akanipiga mateke ubavuni. Nilipoona anainua gogo la kuni, nikammwagia uji wa moto. Ukamuunguza bega. Akawahi polisi. Yeye akapewa fomu ya matibabu, mimi nikapewa kesi ya kujeruhi.

Mahabusu nikaanza kukohoa. Kila kikohozi kisu! Homa, jasho, kucha zikageuka zambarau. Wenzangu wakajibanza ukuta wa pili: "Dada, kohoa ukiangalia kule!" Nikapandishwa hospitali Mbinga, nikawekewa oksijeni, askari mlangoni. Ndugu marufuku kuingia.

Shangazi yangu hakukaa kimya. Alimtafuta Mama Zuhura, muuza vitenge wa Mbamba Bay, anayejitolea kusaidia wanawake wenye kesi kama yangu. Huyo mama akaja kusimama nje ya dirisha langu, barakoa ya kitenge usoni.

"Wee Eda! Umekula?"

"Shikamoo mama. Nimekula."

"Marahaba. Basi usife, mahakama inatusubiri!"

Nilicheka, jamani, mbavu zikanikomesha.

Daktari akaja na picha ya kifua. Alikuwa anatafuta corona kwenye mapafu, na aliiona.

"Mapafu tunayatibu, binti. Ila hizi mbavu?"

"Niliteleza."

Akainua picha kwenye mwanga. "Ubavu huu ulivunjika zamani. Huu, miezi kadhaa. Huu bado mbichi. Uliteleza mara tatu?"

Nikageukia dirisha. Kule nje Mama Zuhura alikuwa amesikia. "Mwanangu, mwambie! Mwambie aandike!"

Nililia mpaka pumzi ikanikatika. Nilipotulia nikasema yote, na daktari akaandika yote.

Nilipopona, nikapelekwa mahakamani. Hakimu akasoma maandishi ya daktari, akaitazama picha kwenye mwanga wa dirisha, muda mrefu. Gido, aliyekuwa ameshika bega lake tangu asubuhi, akaliachia.

"Mshtakiwa alikuwa anajitetea. Uko huru, nenda."

Mama Zuhura akapiga kigelegele humo humo ndani ya barakoa!

Namshukuru Mungu, na daktari, na shangazi, na yule mama wa dirishani. Ninyi mnaonisikiliza, ukiumizwa nenda ukatibiwe, na useme aliyekuumiza ni nani. Maandishi ya daktari yatakusemea siku sauti yako itakapokauka.

Mgahawa bado, lakini viti vya bluu nimeshanunua viwili! Kimoja nakaa mimi. Kingine anakaa mwanamke aliyeletwa na Mama Zuhura, mwenye kesi, ameinamisha kichwa. Simuulizi yeye alimfanya nini mumewe. Namsogezea uji, namuuliza taratibu, "Dada, na wewe uliteleza mara ngapi?"