Fimbo ya Chuma na Nafasi Niliyoiacha Wazi

Siku ya kwanza kazini, katika ghala la jumba dogo la makumbusho mjini Houston, Marekani, nilinyang'anywa kalamu. Msimamizi wa Ghala, mama mrefu asiyependa mchezo, aliichomoa mfukoni mwangu akanipa penseli. "Humu wino ni marufuku," alisema. "Penseli ukikosea tunafuta. Wino ukidondokea kitu cha kale, umekiharibu moja kwa moja." Mimi niliyekuwa mwalimu kwetu Upare niliona nimerudishwa darasa la kwanza.

Kazi ilikuwa kuorodhesha. Kila kitu kilichoingia tulikipa namba, tukakipima, tukaandika chanzo chake, yaani kimetoka wapi na nani anasema hivyo. Vyuma hatukuvishika kwa mikono mitupu, maana jasho huvitia kutu. Nilikaa Stafford, nje kidogo ya Houston, miaka sita, nikiamka alfajiri kukwepa foleni, kisha nikapata kazi katika jumba jingine la makumbusho, mjini Fort Worth, kuandika vibao. Hayo ni maelezo mafupi yanayowekwa kando ya kitu ili mtazamaji ajue anatazama nini. Kibao hakizidi maneno sitini, na anayedhani ni rahisi ajaribu.

Huko ndiko nilikokutana na wanawake wa kipagani wa Ulaya ya kale. Maonyesho yalikuwa juu ya wale wa hadithini: malkia watabiri, mabinti wa vita, wanawake wenye ngao. Mimi nilipewa fimbo ya chuma, ndefu kama mkono wa mtu, iliyofukuliwa katika kaburi la mwanamke wa nchi za kaskazini. Hadithi za huko husimulia wabashiri waliotembea na fimbo nyumba hata nyumba, wakipewa kiti cha heshima na kuulizwa habari za mavuno. Hadithi hizo hazikutoka hewani, kwa sababu wako wanawake waliozikwa kweli na fimbo za namna hiyo, pamoja na shanga zao.

Kibao nilikimaliza kwa dakika kumi. Neno la kwanza lilikuwa "Mchawi".

Mhariri wa Maonyesho, mzee mpole kupita kiasi, alikisoma akavua miwani. "Nani anasema alikuwa mchawi?"

"Vitabu," nilijibu.

"Viliandikwa na nani?"

Nilikiri kwamba wengi wao walikuwa watu wa kanisa, tena walioandika wakati wanawake wale wameshakufa zamani.

"Na waliomzika walimwekea shanga," alisema. "Andika chanzo, mama."

Nilikwenda chooni nikalia kwa hasira. Bibi yangu mzaa mama, Namkunda, alikuwa mkunga na mwombaji wa mvua. Watu walipanda mlima kumfuata, naye alipofika kwao walimtandikia ngozi akae. Hayo niliyaona kwa macho yangu. Lakini nilipoanza mafundisho ya kipaimara tuliambiwa watu kama yeye ni wachawi, nikaacha kwenda kwake. Alikufa nikiwa sijamsalimu miaka mitatu. Baadaye, nilipojaza majina ya wazee katika Biblia ya familia, nafasi yake niliiacha wazi, na binti yangu alipouliza nilimjibu kama nilivyofundishwa.

Kibao cha fimbo nilikiandika upya mara saba. Cha bibi yangu nilikiahirisha mpaka nikastaafu, na naona aibu kusema hivyo.

Sasa naishi Euless, mji mdogo karibu na uwanja wa ndege, kwa binti yangu, ambaye ni nesi. Ndege hupita juu ya paa letu kutwa, nami nina muda wa kukumbuka makosa yangu. Juzi binti yangu alikuwa akinakili majina kutoka Biblia ile, atengeneze kijitabu cha ukoo kwa ajili ya watoto wake.

"Mama, hapa kwa bibi yako mbona pako blank?" aliuliza. "Ni-skip tu? Si alikuwa witch?"

"Nani anasema hivyo?"

Alinitazama kwa mshangao. "Si wewe, Mama?"

"Ni mimi," nilisema. "Na nilimsingizia."

Alinisogezea Biblia na penseli iliyokuwa mezani. Penseli nilimrudishia, nikamwomba kalamu ya wino. Nikaandika pole pole: Namkunda. Mkunga na mwombaji wa mvua, Upare. Chanzo: mjukuu wake, aliyemwona.