Neno Karafuu Kwenye Tovuti Yangu

Kisanduku cha mwanzo kwenye kioo cha kompyuta kilitaka jina la biashara. Cha pili kilitaka namba ya simu. Cha tatu kilitaka mahali ninapopatikana, na hapo nikaondoa mikono yangu nikaiweka mapajani.

"Unangoja nini?" shoga yangu akaniuliza.

"Lazima niandike ninapokaa?"

"Sasa mtu atanunua kitu kwako hata hajui uko wapi?"

Tulikuwa dukani kwake, mtaa wa Jadida mjini Wete, ambako huchapa barua za watu na kutoa kopi, na mwenye kutaka tovuti humtengenezea. Tulikaa dawati moja tulipokuwa sekondari. Yeye ni mtu wa kubonyeza kwanza na kuuliza baadaye. Mimi sivyo. Mimi hata fomu ya hospitali huisoma mara tatu kabla ya kutia saini, na kalamu ikishagusa karatasi moyo hunienda mbio.

Nilikuwa nimefundisha chekechea kwa miaka mingi, mpaka wenye skuli walipoifunga. Nikabaki nyumbani Madungu na baba yangu, mama akiwa ameshatangulia mbele ya haki. Ndipo nikaanza kupika sabuni za mwani. Natia mafuta ya nazi, unga wa mwani, na matone ya mafuta ya makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Majirani walizipenda. Jamaa yetu mmoja aliyekuja kutoka Maskati akaondoka na begi zima, akaniambia wanawake wenzake wa kule watataka kuona vitu vyangu, nimpe anuani ya kwenye mtandao. Sikuwa nayo. Nilimjibu kwa haya tu kwamba inatengenezwa, na hivyo ndivyo nilivyojikuta Jadida.

Nikaandika Madungu, Chake Chake. Shoga yangu akasema sasa kilichobaki ni picha nzuri ya kuweka juu, ukurasa unapofunguka.

"Sabuni zako peke yake hazivuti jicho," akasema. "Piga picha karafuu. Pemba ni karafuu."

Ulikuwa msimu. Nikenda Ole kwa ami yangu, mdogo wake baba, ambaye ua wake wote ulikuwa umetandazwa majamvi, na karafuu juu yake zimeanza kupiga wekundu wa kahawia. Harufu ilinipokea tokea barabarani. Ami alikuwa amechuchumaa anazigeuza kwa mikono.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba mwanangu. Hiyo simu wapiga nini?"

"Picha, ami. Ya biashara yangu ya sabuni. Itawekwa kwenye mtandao."

Aliacha kugeuza. Akaniangalia kwa muda, halafu akaangalia njiani, kama kuna mtu anapita.

"Uso wangu usiutie," akasema.

"Siutii."

"Wala nyumba."

Nikamwambia nimeelewa. Nikapiga majamvi tu, lakini nilipokuja kuitazama picha nyumbani niliona kwa pembeni baiskeli yake nyekundu imeegemezwa ukutani, na ukuta wenyewe wenye ufa unaojulikana na Ole nzima. Nilijiambia nani atajua. Picha ilikuwa nzuri, na sikutaka kurudi tena kuangaliwa vile.

Shoga yangu akaiweka. Chini yake akaandika, kwa nia njema kabisa, "Karafuu halisi za Pemba, tunakuletea popote ulipo." Nilisoma maneno yale mara tatu. Nilitaka kusema kitu, lakini alikuwa na wateja watatu wamesimama, na mimi nikaona haya kumsumbua. Akabonyeza kitufe, akanigeuzia kompyuta.

"Hongera. Dunia nzima sasa yakuona."

Nilirudi Chake nimeishika simu kama mtu aliyeshika kaa la moto kwa kitambaa. Dunia nzima. Mimi ambaye nikipita barazani kwa watu hushusha macho.

Ni lazima nieleze kwa nini maneno yale yalinitisha. Nilipokuwa darasa la tatu baba alikutwa njiani na mfuko wa karafuu anaelekea pwani. Karafuu zilikuwa zake, za mikarafuu yake, lakini kwetu karafuu haiuzwi ovyo. Hupelekwa kituo cha serikali kununuliwa, na mwenye kuipeleka kwengine huhesabiwa amefanya magendo. Askari walikuja mchana kupekua nyumba. Mama alikuwa anapaa samaki uani, na alibaki na kisu mkononi muda wote walipokuwa wakiinua magodoro yetu, hajui akiweke wapi. Baba alirudi baada ya siku kadhaa, amekonda, hataki kuulizwa. Tokea hapo neno magendo halikutajwa ndani ya nyumba yetu, na mimi nilikua nikijua kwamba kuna neno halitajwi.

Siku ya tatu baada ya tovuti kufunguliwa, nilipokuwa nakata sabuni, simu ikalia mlio wa ujumbe. Mtu alikuwa amejaza fomu ya mawasiliano. Hakuandika jina kamili. Aliandika hivi: "Nahitaji karafuu kavu, magunia kumi kwa kuanzia. Usafiri ninao. Tusipitishe kokote, tumalizane wenyewe."

Niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba ni mtu wa magendo. La pili lilikuwa baya zaidi: kwamba si mtu wa magendo bali ni mtego, na kila nitakalojibu litasomwa mbele yangu siku moja. Sikujibu. Baada ya sala ya alasiri simu ikaita, namba nisiyoijua.

"Wewe ndiye wa sabuni?" Sauti ya mwanamme, ya taratibu. Hakunisalimia.

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Nilikuandikia. Hukujibu."

"Mimi siuzi karafuu. Nauza sabuni."

"Picha nimeiona, dada. Ua ule naufahamu. Na Madungu si mbali."

Nikakata. Sabuni zikaniponyoka zikaingia mchangani. Nilifunga mlango wa mbele kwa komeo, saa kumi ya jioni, watoto wa jirani wakicheza nje na jua likiwaka. Baba akauliza kutoka chumbani kwake mbona mlango umefungwa. Nikamwambia upepo.

Nikampigia shoga yangu aiondoe tovuti. Hapatikani. Nikakumbuka alikuwa amepanda boti asubuhi ile kwenda Unguja. Nikaingia mwenyewe kwa neno la siri alilonipa, nikatafuta picha, nikaifuta. Nikatafuta maneno, nikayafuta. Kisha nikafungua ukurasa kwa simu ya baba ili nihakikishe, na picha ilikuwapo vilevile, majamvi, baiskeli, ukuta na ufa wake. Nikafuta tena. Ikawapo tena. Sikujua wakati ule kwamba simu huweza kubakisha ukurasa wa zamani. Nilidhani nimeachia kitu duniani na hakirudi tena. Nilimwona ami akiinuliwa magodoro.

Siku ya pili yake akabisha sheha, kiongozi wa mtaa wetu. Ni mtu mpole, anatujua tokea nikiwa mdogo. Hakutaka kuingia ndani.

"Mwanangu, kesho saa tatu unatakiwa ofisini kwa wale wanaoshughulikia mambo ya karafuu. Wameona kitu chako kwenye mtandao. Nenda tu, usiogope."

Hakuna maneno yanayotia hofu kuliko hayo. Nilipogeuka, baba alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika fremu ya mlango. Amesikia yote.

"Karafuu gani?" akauliza.

Nikamweleza. Picha, maneno, ujumbe, simu, yote kwa mpigo mmoja, kama mtoto anayekiri amevunja chombo. Nilingoja anigombeze. Alikaa kwenye kigoda akauliza jambo moja tu.

"Umewahi kuuza hata punje?"

"Wallahi baba, sijauza."

"Mafuta ya makonyo umeyatoa wapi?"

"Nimenunua dukani, risiti ninazo zote."

"Zitafute."

Asubuhi nilimkuta ameshavaa kanzu na kofia. Nilimwambia asijisumbue, nitakwenda peke yangu. Alikuwa anajaribu kufunga kifungo cha shingoni, na vidole vyake havikubali. Kifungo kilikuwa kikitoka tu. Ndipo nilipofahamu kwamba baba yangu anaogopa kunizidi, na kwamba anakwenda hivyo hivyo. Nikamsogelea nikamfungia.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Alimkaribisha baba kiti, akamwita mzee, akamuuliza hali ya afya. Kisha akaigeuza kompyuta yake kutuelekea, na pale nikaiona tovuti yangu kubwa kuliko nilivyopata kuiona, picha ya karafuu za ami imejaa kioo kizima. Alikuwa ameihifadhi kabla sijafuta.

"Soma hapo chini, Bi," akaniambia.

Nikasoma. Nikasoma tena.

"Mtu akisoma hivi ataelewa nini?"

"Kwamba nauza karafuu."

"Na wewe wauza?"

"Siuzi. Nauza sabuni tu. Nilikosea kuyaacha yale maneno."

Nikampa risiti. Akazipitia moja moja, bila ya haraka, na kila karatasi aliyoigeuza niliisikia. Baba alikuwa ameangalia sakafu. Nikafikiri yamekwisha, ndipo akauliza, "Hizi karafuu za kwenye picha ni za nani?"

Nilijua nikisema sijui nimesema uongo, na nikisema za ami nimemtia niliyemwahidi sitamtia. Kabla sijafungua mdomo, baba akainua uso.

"Za ndugu yangu, Ole," akasema. "Zinangoja kukauka, zipelekwe kituoni. Unaweza kwenda kuzitazama leo hivi. Mimi ndiye niliyewahi kukamatwa katika nyumba yetu, si yeye, wala si huyu."

Miaka yote ile sikupata kumsikia akilisema jambo lile. Alilisema mbele ya mtu asiyemjua, kwa sauti ya kawaida, mikono yake ikiwa imebanwa katikati ya magoti.

Yule mama akavua miwani. "Mzee, sikuulizia hilo," akasema kwa upole. "Kuanika karafuu uani si kosa. Nilitaka kujua kama mwenyewe anajua kwamba picha yake inaonekana." Akanigeukia. "Alijua?"

"Alinikataza nisitie nyumba. Nikaitia."

"Basi kamwombe radhi."

Akanieleza ninachoruhusiwa kuandika na nisichoruhusiwa. Sabuni niuze. Niseme ina mafuta ya makonyo. Nisiahidi karafuu. Nikadhani nimeruhusiwa kuondoka, lakini nilikuwa bado na lile jengine, na niliogopa kulitoa sawasawa na nilivyoogopa kubaki nalo. Nikafungua simu, nikamwonesha ujumbe wa magunia kumi. Aliusoma mara mbili, akanakili namba, akafunga daftari.

"Usimjibu. Akipiga, usipokee. Akija nyumbani, mwambie sheha."

"Akija?"

"Sidhani atakuja," akasema. Hakusema hatakuja.

Tuliporudi nilimpigia ami kumwomba radhi, akanisikiliza hadi mwisho, akasema baiskeli ameshaihamisha, ukuta ndio hawezi. Sikujua kama anacheka. Nilimwomba radhi tena nilipokwenda Ole wiki ile, akaipokea, lakini msimu ule wote sikutoa simu mfukoni uani kwake.

Shoga yangu aliporudi kutoka Unguja alilia kwa kunitia katika mashaka yale, akataka aiandike upya mwenyewe. Nikamwambia safari hii nitaandika mimi, yeye aniangalizie tu. Ilinichukua siku nne kuandika mistari sita. Kila neno nililiuliza lina maana gani kwa mtu anayenitakia mabaya. Kwenye mahali ninapopatikana nikafuta Madungu, nikaacha Pemba. Picha nilipiga jikoni kwangu, sabuni tatu juu ya sahani ya udongo, na nyuma yake ukuta mtupu niliouchunguza kwanza kila pembe.

Kabla ya kuifungua nilimsomea baba. Akataka aione, nikamkamatia simu mbali kidogo na macho yake, na akaisoma kwa midomo, polepole.

"Hii na Maskati itaonekana?"

"Na Maskati."

"Na yule mtu ataiona."

"Ataiona, baba."

Alifikiri. "Haya, funga mlango wa uani kwanza," akasema, "halafu fungua hicho chako."

Nikaufunga. Nikarudi nikabonyeza. Yule mtu alipiga mara mbili wiki ile, nikaiacha simu iite mpaka ikachoka, na baba akikaa karibu yangu. Kisha hakupiga tena. Sikuambiwa yaliyompata, na sikuuliza.

Oda ya kwanza ilitoka kwa mwanamke wa Dar es Salaam, aliyetaka sabuni sita na kuuliza kama zinawafaa wenye ngozi kavu. Niliangalia ujumbe wake kwa nje, bila ya kuufungua, kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Siku hizi huja oda mbili au tatu kwa wiki, na nimejifunza kuzijibu. Lakini simu ikilia mlio ule, kitu cha kwanza ninachofanya hadi leo ni kuangalia mlango.