Kikaratasi cha Kura Moja

Saa nane na nusu mchana, siku ya Ijumaa. Mama Vikaratasi anasukuma meza hadi ukutani, anapanga viti nusu duara, kisha anavihesabu. Ni saba. Zamani vilikuwa vinane. Anabandika ukutani karatasi tatu kubwa zenye vichwa vyake: kilichokwenda vizuri, kilichotukwaza, tutakachobadilisha. Anafungua pakiti ya vikaratasi vya kunata na kuweka vitano kwenye kila kiti.

Hiyo ndiyo kazi yake. Timu anayoisimamia hutengeneza programu ya kompyuta ya kupanga foleni za wagonjwa katika zahanati, na kila baada ya wiki mbili hukutana hapa kujikagua: tumefanya nini, tumekosea wapi, tuache nini. Yeye haandiki programu hata mstari mmoja. Kazi yake ni kuwafanya watu waseme, na wengi wao, anavyotania mwenyewe, ni watu wa kumsalimia jirani kwa barua pepe.

Ana miaka thelathini na tisa. Kabla ya kuja hapa alifundisha hesabu sekondari kwa miaka sita, na ualimu haujamtoka. Anapenda utaratibu. Kila mtu huandika kero zake bila jina, kisha hupewa vidoti vitatu vyekundu abandike kwenye kero anazotaka zijadiliwe. Zenye vidoti vingi hujadiliwa. Zilizobaki zilikuwa zinaingia kwenye bahasha, mchezo umekwisha.

"Niliona ndiyo haki yenyewe," anasema. "Hapa hakuna mkubwa wala mdogo. Kidoti cha bosi na cha mgeni ni kilekile."

Na tusimnyime sifa yake, utaratibu ulifanya kazi. Kwa mwaka mmoja hitilafu za programu zilishuka kutoka thelathini na moja kwa mwezi hadi kumi na mbili. Wakubwa walimwita wakampigia makofi.

Mtu wa nane katika timu aliitwa Babu, ingawa alikuwa na miaka arobaini na tatu tu. Jina lilimganda kwa sababu ya mvi, na kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyeielewa sehemu ya zamani ya programu, iliyoandikwa kabla wenzake hawajaajiriwa. Sehemu hiyo ikigoma, aliitwa yeye. Nayo ilipenda kugoma Jumamosi, zahanati zinapofurika.

Siku moja kikatokea kikaratasi ukutani: "Kazi za mwisho wa wiki zimenielemea. Naomba mtu wa kusaidiana naye." Kikapata kidoti kimoja, kikaingia kwenye bahasha. Wiki mbili baadaye kikarudi kwa mwandiko uleule uliolalia kushoto. Kidoti kimoja tena. Ikawa hivyo vikao vitano mfululizo.

Mama Vikaratasi aliujua mwandiko. Alijua hata kidoti kile ni cha nani, maana alimwona Babu akijiwekea kimoja, viwili akaviweka kwenye kero za wenzake. Hakuna mwingine aliyeona haja ya kukipigia kura, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa anaitwa Jumamosi. Mzigo wa mtu mmoja ungepata kura ngapi? Mwalimu wa hesabu hakujiuliza.

Mara moja aliwaza kumvuta pembeni, akaacha. Sheria ya kikao ilikuwa kwamba kikaratasi hakina mwenyewe, na sheria aliitunga yeye.

Jumatatu moja, miezi minne iliyopita, Babu alifika ofisini na begi la kompyuta mgongoni. Alikuwa amefanya kazi saa kumi na tisa kati ya Jumamosi na Jumapili. Akaketi kwenye ngazi za ghorofa ya pili, akamwambia mlinzi anapumzika kidogo. Alasiri alifariki hospitalini. Daktari alisema ni presha. Hakusema ni kazi, na hakuna anayeweza kuapa kwamba ni kazi.

Wiki iliyofuata mkewe alikuja kuchukua vitu vyake: kikombe, sweta, miwani ya akiba. Mama Vikaratasi alimsaidia kuvifunga. Wanaitana wifi, kwa kuwa Babu alikuwa akimwita dada. Mjane akamwuliza kwa upole kama marehemu aliwahi kusema hapo kazini kwamba amechoka.

"Nikamwambia, hapana wifi, hakuwahi kusema."

Hakupanga kudanganya. Aliogopa tu, neno likamtoka. Akilisimulia anajikaza kisabuni, lakini machozi hayamsikilizi.

Mwezi uliopita mjane alimpigia simu. Alikuwa analia. Akasema picha ya mumewe ameigeuza ukutani, hawezi kuitazama.

"Wifi, nilimsihi akaseme kazini," alimwambia. "Kila Jumapili nilimsihi. Hakunisikiliza, na sasa naona nimemchukia maiti."

Mama Vikaratasi alisema pole, akakata simu. Kisha akaenda kujifungia chooni hadi wenzake walipomtafuta.

Siku hizi kikaratasi kikirudi mara ya pili lazima kisomwe kwa sauti na kujadiliwa, kiwe na vidoti au kisiwe navyo. Kazi ya mwisho wa wiki inazunguka kwa watu watatu, wote wamefundishwa ile sehemu ya zamani. Kukubaliana hayo kulichukua dakika ishirini.

"Dakika ishirini," anarudia.

Mkuu wa ofisi, aliyeambiwa habari hizi, amemshauri asifukue makaburi: mjane ataumia upya, na ofisi itaulizwa maswali. Mama Vikaratasi ana watoto wawili wanaotegemea kazi hii. Amelifikiria hilo, tena sana.

Hata hivyo amemwomba mjane nafasi kesho saa nne asubuhi, bila kumwambia kuna nini. Vile vikaratasi vitano ameshavitoa kwenye bahasha. Hategemei kusamehewa.

"Akinifukuza, ni haki yake," anasema. "Lakini asiendelee kumkasirikia marehemu kwa uongo wangu. Nataka ajue kwamba mumewe alimsikiliza. Alikuja akasema, mara tano. Mimi ndiye niliyesoma, nikahesabu vidoti."