Azeta na gari aliloambiwa asinunue

Jua la mtaa wa Dassasgho bado changa, na Azeta Lengane ameshafungua buti la gari lake jekundu, akatandika kitambaa cheupe na kupanga kurakura, vile vijiti vya karanga vilivyokaangwa hadi vikakauka. Wateja wanasimama na pikipiki bila kuzima injini. "Mama, za mia mbili." Anahesabu, anafunga, anapokea.

Kila asubuhi huliwasha gari hilo na kulitoa uani hadi kando ya lami, mwendo wa dakika mbili. Hiyo ndiyo safari yake ya kutwa.

"Ukiliendesha utalipenda," anasema, na wala hacheki. "Gia zinaingia hata hujamaliza kuwaza. Likikata kona unasahau shida zako zote. Ila usilipeleke mbali."

Azeta ana miaka arobaini na sita. Kwa miaka kumi na minne aliendesha magari ya shirika moja hapa Ouagadougou, mwanamke pekee kati ya madereva wote, hadi shirika lilipofunga virago. Kiinua mgongo na akiba yake vilifika faranga milioni mbili na kidogo. Alitaka gari la kuwabeba wafanyabiashara wa karanga kati ya hapa na kwao Garango.

Masharti yake yalikuwa matatu: bei anayoiweza, gari lisilomwacha njiani, na liwe tamu kuendesha. Hilo la tatu liliwaudhi ndugu. Kaka yake, Issaka, alimuuliza mbele ya watu, "Wewe unatafuta gari au mchumba?"

"Miaka yote hiyo nimewaendesha wakubwa kwa mwendo wanaotaka wao," anasema Azeta. "Leo ninunue langu halafu nikae ndani nimenuna? Hapana."

Alizunguka kwa wauzaji wiki kadhaa. Alipapasa kutu chini ya mazulia, akachomoa kijiti cha oili na kukinusa, akataka kila injini aikute ya baridi, asije akauziwa iliyopashwa moto makusudi ili iwake kirahisi. Mengi ya magari hayo yaliyokwisha kutumika Ulaya, ambayo huku huitwa "kwaheri Ulaya", aliyakataa kabla hajashika usukani.

Ndipo akafika kwa Eloi Kanzie. Eloi ni Mgurunsi, Azeta ni Mbisa, na makabila hayo ni watani. Mtani akikutukana unacheka, akikunyang'anya kofia unacheka. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

"Karibu, mla karanga," Eloi alimpokea. "Umekuja kununua gari au kuiba matairi?"

"Namtafuta mbwa wangu. Nasikia mlimla jana."

"Alikuwa amekonda bwana, hata hatukushiba."

Azeta akaliona jekundu, akaomba ufunguo, akalizungusha mtaani mara mbili. Anakiri kwamba aliporudi alikuwa ameshalinunua moyoni. Eloi alikuwa ameegemea lango, wasaidizi wake wakimsikiliza.

"Hilo usinunue, dada," alimwambia. "Silinda hedi imepasuka. Litakuchemkia njiani, ubaki unatafuna karanga zako porini. Lakini nitakuuzia, maana Mbisa hasikii."

Azeta alicheka mpaka akafuta machozi. Wasaidizi nao walicheka. Alilipa siku hiyohiyo.

Gari lilichemka Mogtedo, njiani kwenda Garango, katika safari ya kwanza, likiwa na abiria wanne na mizigo yao. Fundi aliyefungua boneti alisema neno kwa neno kama Eloi: hedi ina ufa, na ufa wenyewe hauonekani mpaka injini ishike moto sawasawa. Mjini, safari fupifupi, usingejua kitu. Hedi nyingine ingekula karibu nusu ya bei aliyonunulia.

Alirudi kwa Eloi akiwa na Issaka. Eloi hakukana. "Nilimwambia," alisema. "Waulizeni vijana wangu."

Wazee wa pande zote wakakaa, wakaamua kwamba mtani hashtakiwi. Eloi alitozwa kuku mmoja, na kuku huyo wakamla wote pamoja huku wakitaniana. Azeta anasema alimeza kwa maji.

"Alijua sitamwamini," anasema. "Ukweli aliuweka mahali nisipoweza kuuona. Desturi ipo: ukiwa na jambo zito la kumwambia mtani, unamtuma mtu wa pembeni. Angemtuma Mmosi yeyote, maana Wamosi si watani wetu, hata muuza chai, ningesikia. Hakutaka nisikie."

Eloi bado hupita kununua kurakura. Humwita mla karanga mbele ya wateja, na Azeta hana budi kucheka.

"Meno ndiyo yanayocheka," anasema.

Kurakura humpa faranga elfu mbili, siku njema elfu tatu. Kwa hiyo ameamua kuliuza gari, anunue jingine na kuingia barabara ya Garango kabla ya mavuno ya karanga. Mnunuzi ameshapatikana: Sylvain Bazie, muuguzi kijana ambaye mke na watoto wake wako Reo, zaidi ya kilomita mia moja kutoka hapa. Anataka kwenda kuwaona kila Jumamosi. Alilizungusha gari mtaani, akashuka anatabasamu. Naye ni Mgurunsi.

"Nilimwambia hedi imepasuka," anasema Azeta. "Nilimwambia kwa sura kavu kabisa. Akasema, 'Bibi karanga, hata uongo huujui. Unamfichia gari Mbisa mwenzako.' Akacheka mpaka akakaa chini."

Sylvain analeta pesa Ijumaa. Mwandishi anamuuliza Azeta kama amemtuma mtu wa pembeni.

Anamhudumia mteja, anamrudishia chenji, kisha anaonyesha kwa kidevu kibanda cha pili, ambako fundi cherehani ameinamia kazi yake.

"Yule ni Mmosi. Muungwana sana. Nikimwomba ataenda leo hii." Anapangusa mikono kwenye kanga yake. "Sijamwomba."

Halafu yeye ndiye anayeuliza.

"Hilo gazeti lenu linatoka lini?"

Jumapili, anaambiwa.

"Basi sawa," anasema. "Andika tu."