Waliofuata Upepo Chumba cha Nyuma

Jumapili, saa nane na robo mchana, walimu kumi na mmoja walivua viatu mlangoni petu, Mji wa Kale, wakaanza kusalimiana. Saa tisa kasorobo walikuwa bado wanasalimiana. Mimi nilikuwa jikoni nikigeuza viazi karai, nikasikia habari za wazazi, za watoto, za magoti yanayouma, za mwenzao aliyehamishiwa shule ya Bondeni. Kisha akaingia mmoja aliyechelewa, na salamu zikaanza upya toka mwanzo.

Mkutano wenyewe haukuwa na mgeni rasmi wala mhadhiri. Wazo lilikuwa la mwalimu wa kemia, kijana wa bara anayekaa karibu na Buxton. Alisema walimu wamechoka kukalishwa ukumbini na kusomewa mambo na mtu asiyeshika chaki. Safari hii kila mwalimu angeandika kwenye karatasi jambo analotaka lizungumzwe, aibandike ukutani, halafu watu wajigawe: wengine sebuleni, wengine chumba cha nyuma. Na kulikuwa na kanuni moja aliyoipenda mno. Ukiona mazungumzo hayakufai, unainuka na kwenda chumba cha pili.

"Bila ya kuomba ruhusa?" akauliza mwalimu wa hesabu, mama mwembamba wa mwili na mnene wa sauti.

"Bila ruhusa. Miguu yako ndiyo inaamua."

"Miguu yangu imelelewa, mwanangu. Haiwezi kumwacha mtu mzima akisema."

Watu wakacheka, na kijana wa kemia akacheka pia, maana alidhani ni mzaha.

Mamangu ni mwalimu wa historia, na mimi ni mwanafunzi wake, kidato cha tatu. Si raha kuwa na mama ubaoni. Shuleni mimi namwita Mwalimu, yeye ananiita "wewe pale dirishani", na sote wawili tunajitahidi tusitazamane. Kwa hivyo nilijua kuliko mgeni yeyote kwa nini siku ile hakula. Darasa letu lilikuwa limemshinda. Akigeuka kuandika, wa nyuma wanapiga soga. Akitugeukia, wananyamaza kwa adabu. Akigeuka tena, soga inaendelea pale pale ilipoachwa. Asubuhi aliniambia, "Leo nisipopata wa kunifaa, kesho namwendea mwalimu mkuu aniondoe kwenye darasa lenu." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesema unga umekwisha.

Basi wakaandika karatasi zao. Mwalimu wa jiografia, mzee anayekaribia kustaafu, aliandika: Kusoma ramani kwa urahisi. Wa hesabu aliandika: Njia zangu za kufaulisha. Kila mtu aliandika analolijua. Mamangu peke yake aliandika asilolijua: Wanafunzi wangu hawanisikilizi. Nifanyeje?

Wote waliisoma.

"Suala zuri hili," akasema mmoja.

"Muhimu sana," akasema mwingine, akirudi nyuma hatua moja kama karatasi ina homa.

Halafu, karatasi ya mamangu ikiwa imepangiwa chumba cha nyuma, wote wakakaa sebuleni kwa mzee wa ramani. Ningekuwa mimi ningekaa huko huko. Kuingia chumba cha nyuma kulikuwa ni kutangaza kwamba hata wanafunzi wako hawakusikilizi.

Mamangu alikwenda akapanga viti, akakaa kwenye kimoja. Nikampelekea sahani ya viazi.

"Peleka sebuleni, mwanangu. Huku hakuna watu."

"Mimi nipo," nikasema, nikakaa.

Akanitazama. "Haya. Na wewe si ni wa darasa hilo hilo? Nakosea wapi? Ni sauti? Naona ni sauti. Au naandika sana ubaoni. Naam, naandika sana."

Sikuwa nimefungua kinywa.

"Mama, ukiuliza wajijibu mwenyewe."

"Lini? Mimi sijijibu. Labda mara moja moja, mkichelewa."

Hapo stima zikapotea. Feni ya sebuleni ikazunguka kivivu, ikasimama. Sebule yetu inatazama ukuta wa jirani na haipati hewa hata kidogo. Chumba cha nyuma kina dirisha la upande wa bahari. Kupitia upenyo wa pazia nilimwona mzee akiendelea na milima na mabonde, na wenzake wametulia mbele yake, jasho linawatiririka mpaka kwenye kola. Kijana wa kemia aliinuka nusu. Mwalimu wa hesabu akamtazama tu. Kijana akakaa. Na kanuni ni yake mwenyewe.

Mwishowe mzee alikunja ramani, akajipangusa uso.

"Jamani, joto hili mimi siliwezi. Chumba cha nyuma kuna upepo."

Akainuka. Na kwa vile mkubwa ameinuka, wote wakainuka mara moja na viti vyao, wakabanana mlangoni wakiambiana tangulia wewe, la, tangulia wewe. Mamangu akasimama kuwapokea.

"Starehe, mwalimu, kaa starehe," mzee akamwambia. "Sisi tumefuata upepo tu."

"Upepo tu," akasema mwalimu wa hesabu, akichukua kiazi.

Wakakaa, wakalitazama dirisha kama kwamba upepo ni kitu cha kutazamwa. Kisha mzee akakohoa.

"Hilo suala lako, mwalimu, si kwamba linanihusu. Lakini mwaka jana kuna darasa lilinifanya nikaufundisha ukuta muhula mzima."

"Ukuta ulielewa?" akauliza wa hesabu.

"Kuliko wao."

Basi pakafunguka. Kila mmoja alianza na "si mimi, lakini". Wa hesabu alisema si yeye, lakini kuna wanaolala kwenye somo lake, na mmoja hukoroma. Kijana wa kemia alisema wanafunzi wake humwiga lafudhi. "Na wananiiga vizuri," akasema kwa huzuni, "kuliko wanavyojua kemia."

Mamangu akasema, "Huyu binti yangu adai nauliza kisha najijibu."

Wote wakanigeukia. Nilitamani sakafu ipasuke.

"Ndiyo maradhi yenyewe hayo," mzee akasema. "Uliza, kisha nyamaza. Usiwaokoe."

"Ninyamaze mpaka lini?"

"Mpaka uhisi unakufa. Kisha ongeza kidogo."

Wakamjaribisha pale pale. Mamangu akauliza kwa nini Wareno waliutaka mji huu, kisha kimya. Midomo ikamcheza. Mwalimu wa hesabu akamwinulia kidole: a-a. Hatimaye kijana wa kemia akanyoosha mkono.

"Mwalimu, walifuata upepo tu."

Mzee alicheka mpaka akavua miwani.

Jumatatu asubuhi tuliingia lango la shule pamoja, mimi hatua chache nyuma kama desturi yetu, nikingojea nione ataelekea wapi. Aliipita ofisi ya mwalimu mkuu bila kuitazama. Darasani akauliza swali la Wareno, akaweka chaki chini, akafumbata mikono.

Soga ya nyuma iliendelea. Kisha ikapungua, kwa sababu haikuwa na sauti ya mwalimu ya kujifichia, kisha ikakatika. Tukabaki tukisikia mikokoteni barabarani. Macho ya mamangu yakaja dirishani kwangu, na kwa mara ya kwanza shuleni tukatazamana. Jibu nilikuwa nalo. Alikuwa ananiomba, wallahi, bila ya kujua kuwa ananiomba. Nikaingiza mikono yangu yote miwili chini ya mapaja, nikaikalia.

"Mwalimu, unaumwa?" akauliza mvulana wa nyuma, yule mkuu wa soga.

Mamangu akaitazama chaki pale alipoiweka.

"Basi... ni biashara?"

"Biashara ya nini?" akasema mamangu, akanyamaza tena.

Mvulana akamtazama jirani yake, jirani akamtazama wa mbele. Nyuma yangu nikasikia daftari zinafunguliwa. Vidole vyangu vilikuwa vimeanza kufa ganzi, na mimi nikazidi kuvikalia.